Kuendesha UPDATE kutoka kwenye VBA ya Access: ogopa kimya kuliko kosa

Microsoft Access, programu ya hifadhidata, bado inabeba kazi ya maduka ya jumla, zahanati, SACCOS na ofisi nyingi za uhasibu, na kitufe kinachotumika sana ndani ya mifumo hiyo hufanya jambo moja: kwa msimbo wa VBA, lugha ya programu iliyo ndani ya Access, kinaendesha kwiri ya UPDATE, yaani amri ya kubadilisha data, na kubadilisha mamia ya rekodi kwa mpigo. Baada ya kuandika na kukarabati vitufe vingi vya namna hiyo nimebaki na msimamo mmoja. Kwiri ikileta kosa kwenye skrini, hiyo ni nafuu, maana kosa lina namba na namba ina sababu. Ya kuogopwa ni ile inayomaliza kimya. Mtumiaji anaamini kazi imekwisha, anafunga ofisi, na rekodi thelathini hazijaguswa kabisa au zimeguswa mara mbili.

Nitatumia mfano mmoja wa kweli kwa sehemu kubwa ya maelezo haya. Kenya ilishusha kiwango cha kawaida cha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 tarehe 1 Aprili 2020, kisha ikakirudisha 16 tarehe 1 Januari 2021. Kila duka lililoweka kwenye jedwali bei zenye VAT ndani yake lililazimika kuzibadilisha mara mbili ndani ya miezi tisa. Hesabu ya kurudi juu ni kugawa kwa 114 na kuzidisha kwa 116: bidhaa ya shilingi 1,140 inakuwa 1,160. Lakini kitufe kikibonyezwa mara ya pili, ile 1,160 inageuka 1,180.35, na hakuna kosa litakalotokea. Kwa Access, hiyo ni kazi halali.

Dawa ni kuweka alama ndani ya rekodi yenyewe. Ongeza safu ya KiwangoVAT yenye namba kamili, 14 au 16, kisha kwiri iibadilishe pamoja na bei na iitumie kama sharti:

UPDATE tblBidhaa SET Bei = Int(Bei * 116 / 114 + 0.5), KiwangoVAT = 16 WHERE KiwangoVAT = 14

Sasa ukibonyeza mara kumi, mara tisa za mwisho hazitapata rekodi hata moja. Bidhaa zilizosamehewa VAT au zenye kiwango sifuri hazitaguswa, kwa sababu hazina 14. Usiandike kiwango kama 0.14 kwenye safu ya aina ya Single: 0.14 ya Single na 0.14 iliyoandikwa ndani ya kwiri hazilingani kikamilifu, na sharti lako halitakamata kitu. Kuhusu Int, inayokata desimali, pamoja na 0.5, nimeitumia makusudi badala ya Round. Round ya Access hupeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu, kwa hiyo Round(2.5) inatoa 2 na Round(3.5) inatoa 4. Mwenye duka hategemei hesabu ya namna hiyo.

Tuje kwenye amri ya kuendesha kwiri yenyewe. Wengi huanza na DoCmd.RunSQL kwa sababu ndiyo wanayokutana nayo kwanza. Inafanya kazi, ila kila mara inamuuliza mtumiaji kama ana hakika anataka kubadilisha rekodi kadhaa. Akijibu hapana, msimbo unapata kosa 2501. Ili kuondoa swali hilo, watu huandika DoCmd.SetWarnings False juu yake na SetWarnings True chini yake. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, na kwa njia mbili.

Ya kwanza: kosa likitokea kati ya mistari hiyo miwili na msimbo ukaruka, maonyo yanabaki yamezimwa hadi Access ifungwe au mstari mwingine uyawashe. Mtumiaji akifuta rekodi kwenye fomu nyingine kabisa, haulizwi tena. Ya pili ni nzito zaidi. Access ikishindwa kubadilisha baadhi ya rekodi kwa sababu zimefungwa na mtu mwingine, au thamani mpya inavunja kanuni ya uhakiki, au inarudia ufunguo usioruhusiwa kurudiwa, huwa inaeleza ni rekodi ngapi zimeshindwa na kwa sababu gani, kisha inauliza kama iendelee na zilizobaki. Ukiwa umezima maonyo, inajijibu ndiyo. SetWarnings False ni funika kombe mwanaharamu apite: rekodi zilizokubali zinabadilika, zilizokataa zinabaki kama zilivyokuwa, na wewe huna habari.

Kwa hiyo mimi hutumia Execute ya DAO, maktaba ambayo VBA huitumia kuongea na hifadhidata, na sikubali kuiona bila dbFailOnError:

Dim db As DAO.Database
Set db = CurrentDb
db.Execute strSQL, dbFailOnError
idadi = db.RecordsAffected

Bila dbFailOnError, Execute nayo inanyamaza vilevile. Sentensi ya SQL, lugha ambayo kwiri huandikwa kwayo, ikiwa sahihi kisarufi, inaweza kumaliza bila kubadilisha rekodi hata moja na bila kusema neno. Ukiiweka, rekodi moja ikikataa, unapata kosa unaloweza kulishika kwa On Error, na mabadiliko ya kwiri hiyo yanarudishwa nyuma.

Angalia pia mstari wa Set db = CurrentDb. CurrentDb hutengeneza kitu kipya kila inapoitwa. Ukiandika CurrentDb.Execute kwenye mstari mmoja na CurrentDb.RecordsAffected kwenye unaofuata, hivyo ni vitu viwili tofauti, na cha pili hakijaendesha chochote, kwa hiyo kitakupa 0. Shika kitu kimoja kwenye kigezo (variable), kiendeshe hicho, kiulize hichohicho.

Ukihama kutoka RunSQL kwenda Execute utakutana na kosa 3061, linalosema parameta, yaani thamani za kujazwa kabla ya kwiri kuendeshwa, hazitoshi na moja inatarajiwa. Mara nyingi chanzo ni rejea ya fomu ndani ya SQL, kama Forms!frmMauzo!txtTarehe. RunSQL hupitia Access yenyewe, na Access inaijua fomu. Execute huenda moja kwa moja kwenye injini ya hifadhidata, nayo haijui fomu ni nini, hivyo jina lolote isilolitambua inalihesabu kuwa parameta. Kwa sababu hiyohiyo, safu uliyokosea tahajia, KiwangoVTA badala ya KiwangoVAT, inaleta 3061 hilohilo. Kabla ya kuhangaika na fomu, kagua majina ya safu.

Wengi hulitibu hilo kwa kuunganisha maandishi: wanachukua thamani kutoka kwenye fomu na kuibandika ndani ya SQL kwa alama ya &. Njia hii ina mitego mitatu ambayo kwetu hukutana nayo kila siku.

Mtego wa kwanza ni tarehe. Kompyuta zetu huandika siku, mwezi, mwaka. Injini ya Access, ikiona tarehe kati ya alama mbili za #, husoma mwezi kwanza. Tarehe 03/04/2021, ambayo kwako ni tarehe 3 Aprili, inasomwa kuwa tarehe 4 Machi. Ubaya ni kwamba siku ikizidi 12, injini inaona hakuna mwezi wa namna hiyo, inageuza yenyewe na kupata jibu sahihi. Ukijaribu kitufe tarehe 25 kinapita vizuri. Kinaanza kuharibu rekodi tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Ukilazimika kuunganisha maandishi, tumia Format(tarehe, "\#yyyy\-mm\-dd\#"), maana mwaka ukitangulia hakuna utata. Na kama safu inahifadhi saa pamoja na tarehe, usimalizie mwezi kwa BETWEEN hadi #2021-01-31#, kwa sababu mauzo ya saa nane mchana siku hiyo yataachwa nje. Andika < #2021-02-01#.

Wa pili ni majina. Alama ya ritifaa (') ndiyo SQL inayoitumia kufungua na kufunga maandishi. Jina la Ng'ang'a likibandikwa katikati ya ritifaa mbili, injini inaona maandishi 'Ng', kisha neno ang lisilo na kazi, kisha 'a', na unapata kosa 3075. Nyama ya ng'ombe kwenye orodha ya bidhaa inafanya vilevile. Replace(jina, "'", "''") inaondoa kosa hilo. Haiondoi lingine la kimya: jina lililonakiliwa kutoka kwenye simu au Word mara nyingi huja na ritifaa iliyopinda, ambayo ni herufi nyingine, msimbo 8217. Kwa macho ni Ng’ang’a yuleyule, lakini WHERE haimpati, na kwiri inamaliza salama ikiwa imebadilisha rekodi 0. Safisha wakati wa kuingiza data: kwenye BeforeUpdate ya fomu badilisha ChrW(8217) kuwa ritifaa ya kawaida. Na panapowezekana mtafute mtu kwa namba ya uanachama, si kwa jina.

Wa tatu unawakuta zaidi walio Lubumbashi au Bujumbura, ambako Windows nyingi zimewekwa kwa mipangilio ya Kifaransa. Huko desimali huandikwa kwa mkato. VBA ikigeuza 12.5 kuwa maandishi inatoa 12,5, na SQL inaona vitu viwili: Bei = 12, kisha 5 inayoning'inia. Matokeo ni kosa 3144. Str() hutumia nukta daima, bila kujali mipangilio; CStr() hufuata mipangilio ya kompyuta.

Mitego hii yote mitatu inaondoka kwa njia moja, ndiyo maana sioni sababu ya kuunganisha maandishi pale thamani inapotoka kwa mtumiaji. Tengeneza QueryDef, kitu cha DAO kinachobeba kwiri, ya muda na isiyo na jina, na uipe parameta zenye aina:

Dim qd As DAO.QueryDef
Set qd = db.CreateQueryDef("", _
    "PARAMETERS pNamba Long, pTarehe DateTime; " & _
    "UPDATE tblWanachama SET TareheMalipo = pTarehe " & _
    "WHERE NambaMwanachama = pNamba")
qd.Parameters("pNamba").Value = Me.txtNamba.Value
qd.Parameters("pTarehe").Value = Me.txtTarehe.Value
qd.Execute dbFailOnError
idadi = qd.RecordsAffected

Tarehe inapita kama tarehe, namba kama namba, na jina lenye ritifaa kama jina. Hakuna Format, hakuna Replace. Kama una kwiri iliyohifadhiwa yenye rejea za fomu na hutaki kuiandika upya, pitia parameta zake kwa kitanzi na uandike prm.Value = Eval(prm.Name) kabla ya kuiendesha; fomu lazima iwe wazi wakati huo.

Null, yaani sehemu isiyojazwa thamani yoyote, ina kimya chake. Sharti WHERE Hali <> 'Imelipwa' haliwachukui ambao Hali yao haijajazwa, maana Null hailinganishwi na kitu chochote. Ongeza OR Hali Is Null. Vilevile Bei ikiwa Null, Bei * 116 / 114 ni Null, na hapa hata RecordsAffected haikusaidii, kwa sababu rekodi hiyo inahesabiwa kuwa imebadilishwa. Tafuta Bei Is Null kabla ya kuanza.

Sasa tuunganishe. Utaratibu ninaoutumia kwa badiliko lolote kubwa ni huu: nakala ya jedwali, hesabu ya rekodi zinazotarajiwa, muamala (mabadiliko yanayothibitishwa yote au kurudishwa yote), kulinganisha, ndipo kuthibitisha.

Public Sub BadiliVAT()
    Dim ws As DAO.Workspace, db As DAO.Database
    Dim matarajio As Long, idadi As Long
    Dim umeanza As Boolean
    On Error GoTo Kosa
    Set ws = DBEngine.Workspaces(0)
    Set db = CurrentDb
    db.Execute "SELECT * INTO BeiKabla_202101 FROM tblBidhaa", dbFailOnError
    matarajio = DCount("*", "tblBidhaa", "KiwangoVAT = 14")
    ws.BeginTrans
    umeanza = True
    db.Execute "UPDATE tblBidhaa " & _
        "SET Bei = Int(Bei * 116 / 114 + 0.5), KiwangoVAT = 16 " & _
        "WHERE KiwangoVAT = 14", dbFailOnError
    idadi = db.RecordsAffected
    If idadi = matarajio Then
        ws.CommitTrans
        umeanza = False
        MsgBox "Bei zilizobadilika: " & idadi
    Else
        ws.Rollback
        umeanza = False
        MsgBox "Hesabu hazilingani. Hakuna kilichobadilika."
    End If
    Exit Sub
Kosa:
    If umeanza Then ws.Rollback
    MsgBox Err.Number & ": " & Err.Description
End Sub

Kigezo umeanza si pambo. Rollback bila muamala uliofunguliwa inaleta kosa 3034, na kosa ndani ya sehemu ya kushughulikia makosa linaficha lile la kwanza. Angalia pia kwamba hakuna MsgBox kati ya BeginTrans na CommitTrans. Muamala ukiwa wazi, rekodi zimefungwa, ukimuuliza mtumiaji "Uendelee?" naye akaenda kunywa chai, ofisi nzima inasubiri. Uliza kabla ya kufungua. Na usisahau nafasi mwishoni mwa kila kipande cha maandishi: "UPDATE tblBidhaa" ikigusana na "SET" inakuwa tblBidhaaSET.

Nakala ya BeiKabla_202101 haina ufunguo mkuu wala faharasa, ina data tu, na hiyo inatosha. Access haina njia ya kutengua UPDATE iliyokwisha kuthibitishwa, kwa hiyo ukitaka kurudi:

UPDATE tblBidhaa INNER JOIN BeiKabla_202101 AS k ON tblBidhaa.BidhaaID = k.BidhaaID SET tblBidhaa.Bei = k.Bei, tblBidhaa.KiwangoVAT = k.KiwangoVAT

Hapa JOIN hukaa kabla ya SET, wala hakuna FROM, tofauti na ilivyo kwenye SQL Server. Kitufe kikibonyezwa tena, SELECT INTO itagonga kosa 3010 kwa kuwa jedwali lipo tayari, na utaratibu wote utasimama. Huo ni ulinzi wa ziada ninaoupenda. Kama mfumo umegawanywa, faili la data upande mmoja na faili la fomu upande mwingine, nakala itaangukia kwenye faili la fomu la aliyebonyeza. Ipeleke kwenye data kwa kuandika INTO BeiKabla_202101 IN 'njia ya faili'. Faili la Access halivuki GB 2, kwa hiyo nakala za zamani zifutwe, kisha Compact and Repair.

Kabla ya haya yote, jaribu kwiri yako kwa macho. Weka Debug.Print strSQL, fungua dirisha la Immediate kwa Ctrl+G, nakili sentensi, ibandike kwenye SQL View ya kwiri mpya, kisha nenda Datasheet View. Kwiri ya UPDATE ikifunguliwa hivyo haibadilishi kitu. Inakuonyesha rekodi zitakazoguswa. Kitufe cha Run ndicho kinachotekeleza, kwa hiyo usikiguse.

Kwenye fomu yenyewe kuna jambo moja linalosahauliwa. Mtumiaji akiwa ameanza kuhariri rekodi na hajaihifadhi, kisha kitufe kikaendesha UPDATE kwenye rekodi hiyohiyo, yatatokea mawili kutegemea mpangilio wa kufuli: ama kosa 3188, ama UPDATE inapita na baadaye linatokea dirisha la Write Conflict likimuuliza abaki na yapi. Mtumiaji wa kawaida hawezi kujibu swali hilo vizuri. Mstari wa kwanza wa kitufe uwe If Me.Dirty Then Me.Dirty = False, yaani hifadhi kwanza kilichohaririwa. Ukimaliza tumia Me.Refresh ili rekodi zilizopo zionyeshe thamani mpya; Me.Requery inamrudisha mtumiaji kwenye rekodi ya kwanza, na kama alikuwa ya mia tatu atakasirika.

Makosa mengine ya kuyatambua upesi. 3218 na 3260 ni rekodi iliyofungwa na mtumiaji mwingine: subiri sekunde chache, rudia mara mbili au tatu, kisha acha na mjulishe mtumiaji. 3052 ni kufuli kuisha; kikomo cha kawaida ni 9,500 kwa faili, na UPDATE kubwa ndani ya muamala inakifikia. DBEngine.SetOption dbMaxLocksPerFile, 200000 kabla ya BeginTrans inatosha, na haigusi Registry ya Windows. 3622 hutokea jedwali likiwa limeunganishwa kutoka SQL Server na lina safu ya IDENTITY, yaani namba inayojiongeza yenyewe. Andika dbFailOnError + dbSeeChanges.

3073, kwamba kwiri haiwezi kubadilisha data, ina sababu tatu za kawaida: folda ambayo mtumiaji hana ruhusa ya kuandika ndani yake, jedwali lililounganishwa kutoka kwenye seva bila ufunguo, au UPDATE iliyounganishwa na kwiri ya jumla yenye GROUP BY. Hii ya tatu huwapata wanaotaka kuandika salio la stoo kwenye jedwali la bidhaa. Peleka jumla kwanza kwenye jedwali la muda, kisha unganisha na hilo. DSum ndani ya SET nayo inakubali, ila inahesabu upya kwa kila rekodi na kwenye bidhaa elfu kadhaa utasubiri. Kwa maoni yangu salio lisihifadhiwe kabisa pale linapoweza kuhesabiwa kutoka kwenye miondoko, maana kila safu ya salio ni UPDATE nyingine ambayo siku moja haitaendeshwa.

Mwisho, jedwali la kumbukumbu. Safu nne zinatosha: muda kutoka Now(), jina kutoka Environ("USERNAME"), jina la kitufe, na idadi kutoka RecordsAffected. INSERT yake ikae ndani ya muamala uleule, kabla ya CommitTrans, ili badiliko likirudishwa nyuma na kumbukumbu yake irudi nalo. Mhasibu akiuliza mwezi wa tatu kwa nini bei za saruji zilibadilika, unafungua jedwali hilo na kumwonyesha mstari.